Nani atabaki mtaani lami ikishafika?

Mvua ya Aprili ikishika Nyeri, inashika kweli. Mawingu hushuka kutoka milima ya Nyandarua, baridi huingia hadi mifupani, na udongo mwekundu hugeuka utelezi mtupu. Katika mitaa kama Majengo, Witemere na Kiawara, mwenye kibarua katikati ya mji hutoka nyumbani na gambuti, viatu vya kazi amevishika mkononi. Akifika kwenye lami husimama kando ya kioski, akabadilisha, gambuti akamwachia mwenye kioski hadi jioni. Anayechelewa mara mbili kwa sababu ya tope hupoteza kazi, maana msimamizi wa mjengo haulizi mtu amepita njia gani.

Nimeanza na matope kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu kuboresha mitaa hupenda kuanzia juu, kwenye ghorofa. Picha zinazotundikwa kwenye mabango ya miradi ni za majumba yaliyopakwa rangi na maua mlangoni. Lakini wasikilize watu wa mitaa ya mabanda katika miji inayozunguka Mlima Kenya, uone kama ghorofa haitakuja mwisho. Kwanza watataja njia, mtaro, taa, maji, choo, na karatasi inayosema kwamba hapa walipo hakuna atakayewafukuza kesho.

Mwaka 2011 serikali ya Kenya, kwa fedha za Benki ya Dunia, Sweden na Ufaransa pamoja na zake yenyewe, ilianzisha mradi wa kuboresha makazi duni ambao wengi wanaujua kwa kifupi chake, KISIP. Zilitengwa dola milioni 165 kwa miji 15. Katika ukanda huu wa mlima na viunga vyake iliingia Nyeri, Embu na Thika. Awamu ya pili iliidhinishwa mwaka 2020 na kufikia kaunti nyingi zaidi. Jambo la kwanza la kuliangalia katika mradi huu ni lile ambalo haukufanya: haukujenga nyumba. Fedha zilikwenda kwenye barabara za ndani, njia za miguu, mitaro, mabomba ya maji na majitaka, taa za usalama, na kazi ndefu ya kupima ardhi na kuwapa wakazi hatimiliki.

Uamuzi huo ulitokana na yale yaliyoshuhudiwa Nairobi. Mpango uliotangulia, wa serikali pamoja na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ulijenga maghorofa kando ya Kibera na kuanza kuwahamishia watu huko mwaka 2009. Baadhi ya waliopewa vyumba walikodisha kimoja ili walipe kingine, na wengine walikodisha vyote wakarudi mabandani, kwa kuwa chumba cha ghorofani kina bili, na kibarua hakina mshahara wa mwezi. Indonesia ilikuwa imelitambua jambo hili mapema. Tangu mwaka 1969 jiji la Jakarta liliingia katika vitongoji vya watu maskini likaweka vijia, mifereji na maji, nyumba likawaachia wenyewe. Watu walipoona njia imetulia na maji yamefika, walianza kubadilisha kuta zao wenyewe, chumba baada ya chumba, kadiri mfuko ulivyoruhusu.

Hebu tuitazame taa. Ile nguzo ndefu ya mataa, ambayo Kenya nzima tunaiita mulika mwizi, huonekana na watu wa nje kama kitu cha polisi. Anayeishi chini yake huiona vingine. Ploti ya kawaida katika mitaa hii ni vyumba vya mabati au mbao vilivyopangwa mistari miwili, futi kumi kwa kumi kila kimoja, na choo kimoja au viwili mwisho wa ua. Usiku wa giza, mama mwenye binti wa miaka 13 hamruhusu kwenda choo hicho peke yake. Ama humsindikiza, ama humwekea ndoo ndani. Nguzo ikisimama na mwanga ukamwagika juu ya mapaa, binti yule anatoka mwenyewe. Halafu kuna biashara. Muuza chapati na maharagwe aliyekuwa akifunga saa moja jioni sasa anauza hadi saa tatu, na saa hizo mbili ndizo saa ambazo watu wa vibarua wanarudi wakiwa na fedha ya siku mfukoni. Faida ya siku nzima hukaa humo.

Mtaro nao una habari yake. Mtaro mzuri wa milimani hujengwa kwa mawe yaliyopangwa na kuunganishwa kwa saruji, umepanuka juu na kubana chini, ili maji machache ya kiangazi yapite kwa kasi ya kutosha na ya masika yasifurike. Nyeri imejengwa kwenye miteremko. Kinachotupwa juu hufika chini. Mtaro ukiziba kwa maganda na daipa, maji machafu hupanda kizingiti cha nyumba ya chini kabisa, na aliyepanga huko chini ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote, kwa sababu huko ndiko kodi ilipo nafuu. Nani anauzibua? Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilianzisha Kazi Mtaani, na kwenye awamu ya pili kijana alilipwa shilingi 455 kwa siku kufyeka, kuzoa taka na kuzibua mitaro. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini vijana wale walikuwa wakisafisha mitaa waliyozaliwa, na kila mtu aliona tofauti. Mpango ulipoisha, koleo zilirudishwa stoo na mitaro ikaanza tena kujaa.

Hapo ndipo naona upungufu mkubwa wa miradi hii. Mtaro hugharimiwa mara moja kwa mamilioni, na kuusafisha hakutengewi hata shilingi. Kule Dar es Salaam, mtaa wa Hana Nasif ulipoboreshwa miaka ya 1990, wakazi wenyewe walipewa mikataba ya kuchimba na kujenga mifereji na njia. Walilipwa kwa kazi hiyo, na walibaki na ujuzi wa kuirekebisha. Kwetu mara nyingi mkandarasi huja na vijana wake kutoka mbali, akamaliza, akaondoka na ujuzi wake. Kijana wa Majengo hubaki ameketi ukutani akiutazama mtaro mpya ambao hakuugusa. Tusisahau vijana hao wanaishi katika eneo ambalo pombe haramu imezika wengi. Februari 2024 zaidi ya watu 10 walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa kileo chenye sumu. Mradi unaoingia mtaani bila kumpa kazi kijana wa mtaa huo umeacha mlango mkubwa wazi.

Kuhusu maji Nyeri ina la kujivunia, nami nalisema kwa moyo wote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huduma ya maji ilitolewa mikononi mwa manispaa na kukabidhiwa kampuni, NYEWASCO, inayochukua maji ya mto Chania na kuyasafisha Kamakwa. Imekuwa ikitajwa miaka nenda miaka rudi miongoni mwa kampuni bora za maji nchini katika ripoti za mamlaka inayosimamia huduma hizo. Kwa mkazi wa chumba cha kupanga, ubora huo una maana moja tu, kwamba bomba la ua likifunguliwa linatoa maji. Nyumba zenye maji uani haziamki saa kumi usiku kupanga mitungi, na mtoto haendi shule akiwa amechoka tayari. Wanaokumbuka miji mingine ya ukanda huu ambako mtungi wa lita 20 hununuliwa kwa mkokoteni, kwa bei ghali kuliko ile ya bomba la tajiri, wanajua ninachosema.

Lakini mtaa wa mabanda wa Mlima Kenya hauko mjini peke yake, na hapa lazima tukae kidogo.

Juni 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni iliamua kuwakusanya watu wa Mkoa wa Kati katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na vijiti vyenye ncha kali. Katika muda usiotimiza miaka miwili, zaidi ya watu milioni moja walitolewa kwenye maboma yao na kusukumwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zao za zamani zilichomwa au kubomolewa. Wakati huohuo mashamba yalikuwa yakiunganishwa na kupimwa upya. Waliokuwa upande wa serikali na waliokuwapo kujitetea walipata ardhi na hati. Waliokuwa msituni au kizuizini, wajane wengi, na wale walioishi kwa hisani kwenye ardhi ya wengine, ambao Wakikuyu huwaita ahoi, walikuta mistari imeshachorwa. Hali ya hatari ilipoondolewa Januari 1960, wenye mashamba walirudi mashambani. Waliobaki kijijini ni wale wasiokuwa na pa kurudi.

Wajukuu na vitukuu wao wako huko hadi leo. Ukipita kutoka Karatina kwenda Mathira ndani, au ukielekea Othaya na Mukurweini, utaona vijiji hivyo kwa urahisi. Shamba la chai au kahawa linakoma ghafla, na nyumba za mbao zinaanza zikiwa zimegusana mabega. Ploti aliyopewa babu kwa familia moja sasa inabeba familia nne. Kijana akifikia umri wa kujenga thingira, nyumba yake mwenyewe, hujenga pale palipokuwa bustani ya mboga, na ndugu yake mdogo hujenga palipokuwa zizi la mbuzi. Kifo kikija, nafasi ya kaburi haipo. Katika jamii inayothamini kumzika mtu kwenye ardhi yake, watu hawa huzikwa kwenye makaburi ya umma, na majirani waliorithi mashamba huliona jambo hilo. Watoto wa kijijini hulisikia likisemwa shuleni.

Ardhi ya vijiji hivyo ilikuwa mikononi mwa mabaraza ya wilaya, na chini ya katiba ya 2010 iko mikononi mwa kaunti. Miaka ya karibuni kaunti ya Nyeri na wizara ya ardhi zimekuwa zikivipima na kuwapa wakazi hatimiliki. Kazi hiyo ni ya taratibu, na sipendi ichukuliwe kama sherehe ya kugawa vyeti na kupiga picha. Mpimaji hufika akiwa na vifaa vyake, kamati ya kijiji humwonyesha mipaka, kila boma huandikwa, orodha hubandikwa ofisini kwa chifu, na watu hupewa muda wa kupinga. Hapo ndipo moto huwaka. Kaka wawili wanadai ploti moja. Binti aliyerudi nyumbani na watoto baada ya ndoa kuvunjika hakuti jina lake, ingawa yeye ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho. Aliyehamia Nairobi miaka 20 iliyopita anatokea akiwa na suti. Mzee wa kijiji anayekumbuka yote haya ni mtu wa thamani kuliko ramani yoyote, na wazee hao wanazidi kupungua.

Hati ikishatoka, mambo hubadilika kwa namna ambayo asiyewahi kuikosa hawezi kuielewa haraka. Mtu anang'oa mbao za ukuta na kuweka mawe. Anaomba umeme kwa jina lake. Anapanda mparachichi au mkadamia, miti inayotaka miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa kuwa sasa ana hakika ataivuna. Mwanasiasa hawezi tena kuja kila miaka mitano kumwahidi kwamba hatafukuzwa. Tangu 1954 nchi hii imemtwika mtu huyu deni lisilokuwa lake, nami sioni mradi wa kuboresha makazi katika mlima huu unaostahili fedha za umma kuliko huu. Ombi langu kwa wanaoandika majina ni moja: waandike jina la mke pamoja na la mume, na la binti anayeishi hapo. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 iko, lakini nguvu yake huanza pale karani anapouliza, "Na mama yuko wapi?"

Mjini swali ni jingine. Majengo na Witemere zina wenye ploti na zina wapangaji, na wapangaji ndio wengi. Lami ikifika, taa ikawaka na maji yakaingia uani, thamani ya ploti hupanda siku hiyohiyo. Mwenye ploti hana ubaya kufurahi. Amengoja miaka mingi. Ila mwezi unaofuata hutuma mtu mlangoni kusema kodi imeongezwa. Mpangaji aliyeomba lami kwenye mikutano, akajibu maswali ya watafiti na kubomoa kibanda chake cha mboga ili barabara ipite, anafunga virago kwenda mahali ambapo lami haijafika. Nanyuki hali hii ni kali zaidi. Fedha za utalii na za kambi ya mafunzo ya jeshi la Uingereza zimepandisha bei ya kila chumba, na mishahara ya watu wa Likii haikupanda nazo.

Sheria ya kumlinda mpangaji tunayo. Inasimamiwa na baraza la kodi za nyumba, lakini inagusa tu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa miongo kadhaa iliyopita. Chumba chenye taa na maji mara nyingi kimeshakipita. Kwa hiyo mtaa ukiboreshwa, mpangaji hupoteza na ulinzi wa sheria kwa wakati uleule.

Kuna njia iliyowahi kujaribiwa nchini, na haisemwi vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi uliboreshwa kwa msaada wa Ujerumani. Wakazi walikaa, wakajadiliana, wakachagua kumiliki ardhi kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, angeweza kuirithisha au kuiuza, lakini ardhi iliyo chini yake ilibaki ya jumuiya nzima. Waliogopa kwamba kila mtu akipewa hati yake, wenye fedha wangewanunua mmoja mmoja kwa bei ya shida. Mpango wa Voi ulikutana na vikwazo vyake, hasa benki zilizokataa kukopesha mtu asiye na hati binafsi na ofisi za ardhi zisizozoea utaratibu huo. Hata hivyo, ardhi ya umma ambayo bado iko mikononi mwa kaunti ndani ya miji ya Nyeri, Embu na Meru inaruhusu jaribio la aina hiyo, angalau kwa ploti chache zilizotengewa wapangaji wa muda mrefu. Nyumba za bei nafuu kama zile za Blue Valley mjini Nyeri, ambazo wafanyakazi wa nchi nzima wanazichangia asilimia 1.5 ya mshahara, zitamsaidia mwalimu na karani. Anayelipwa kwa siku na kutumia kwa siku hupata shida kuweka hata amana.

Laikipia ilionyesha jambo jingine katika miaka ya ugavana wa Ndiritu Muriithi. Badala ya kumwaga fedha zote Nanyuki na Nyahururu, kaunti ilichagua vituo vidogo kama Wiyumiririe, Naibor na Oljabet, ikaweka mawe ya kabro, mitaro na taa. Wafanyabiashara waliombwa kwanza kurudisha nyuma vibanda vilivyoingia kwenye hifadhi ya barabara. Mwenye duka aliyebomoa baraza lake kwa mikono yake aliona alichopata mbele ya mlango wake. Linganisha na kituo cha magari cha Asian Quarters mjini Nyeri, kilichojengwa kwa fedha za mpango wa kuimarisha miji. Kituo chenyewe ni kizuri. Lakini magari yalipoondolewa kwenye stendi za zamani, akina mama waliokuwa wakiuza matunda na chai kwa abiria waliachwa pale walipokuwa, bila abiria, na manung'uniko yakachukua muda mrefu. Hesabu ya wanaouza ilipaswa kufanywa kabla ya hesabu ya magari.

Mradi unapokabidhiwa kaunti, nguzo za mulika mwizi huanza kudai bili ya umeme, balbu na fundi wa kuzipanda. Mitaro hudai koleo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kila kaunti hutakiwa kuwasilisha makadirio ya bajeti katika bunge lake ifikapo Aprili 30, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo hufanywa mchana siku ya kazi, ukumbini mjini, wakati mpangaji wa Witemere yuko kwenye mjengo na muuza mboga yuko sokoni. Ingefanywa jioni, mtaani kwenyewe, chini ya hizo taa, maswali ya mitaro na kodi yangeulizwa na wanaoishi nayo.